Kontrola ya UniFi imekufa klaudi: mwongozo kamili wa kuirudisha kwenye nodi mpya bila kupanda ngazi kuriseti AP

Wakuu, hili jambo nimelielekeza kwa simu mara nyingi mno, sasa naliandika lote hapa. Mtu kontrola yake ya UniFi (programu inayosimamia vifaa vya wifi vya UniFi) iliyokuwa klaudi imekufa, kafungua nodi mpya (seva ya kukodi), karudisha bakapu vizuri kabisa, anaingia ndani anakuta AP zote (vile vifaa vinavyorusha wifi) zimeandika "Offline". Roho inaruka, anachukua ngazi na pini anaanza kuriseti moja baada ya nyingine. Kazi ya saa mbili ishakuwa ya siku tatu na mteja huku anapiga simu tu.

Watu wanakwama hapo hapo kila siku. Ukirudisha bakapu, seva mpya inazijua AP zako zote, ila AP zenyewe hakuna aliyeziambia kwamba seva imehama. Zenyewe bado zinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Kwaiyo hatua ya 6 ndo roho ya huu mwongozo, hatua zingine zote zinakuandaa ufike pale salama.

Nawaandikia mafundi wanaohudumia lodge, shule na ofisi hapa Dar, yule mwenye saiti Sinza, Kariakoo, Mbezi mpaka Kigamboni na zote zinasimamiwa na kontrola moja. Kwenye mifano seva ya zamani ni 198.51.100.7, mpya ni 203.0.113.10 na domeini ni wifi.mfano.co.tz, weka za kwako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Faili la bakapu linaloishia na `.unf`. Kama huna usikate tamaa, hatua ya 2 inakuhusu.
- Namba ya vesheni ya kontrola ya zamani. Kwa bakapu za kila siku namba iko kwenye jina la faili lenyewe, utaona mfano `autobackup_8.6.9_...`
- Nodi mpya ya Ubuntu 22.04, RAM isipungue GB 2, diski isipungue GB 25.
- Njia ya kuingia kwenye DNS ya domeini yako (pale panaposema domeini iende IP gani). Hapa wengi wanaumbuka, domeini alisajili jamaa fulani ambaye ofisini alishaondoka kitambo. Mtafute leo hii, usisubiri siku ya msiba.
- Jina na paswedi ya admin wa kontrola ya zamani, yule wa humo humo ndani. Kama ulikuwa unaingia kwa akaunti ya mtandaoni ya UI (Ubiquiti, wenye UniFi) peke yake, mkumbuke aliyeweka kontrola mara ya kwanza alitumia jina gani.
- Laptopu ndani ya kila saiti, au njia ya kuingia kwenye rauta ya saiti kutokea mbali.

Na piga simu moja saitini uulize kama umeme upo. Nimeshawahi kuhangaika nusu saa na AP za saiti moja kumbe LUKU imeisha.

## Hatua ya 1: Hakikisha imekufa kweli

Seva kutofunguka kwako hakumaanishi imekufa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya huku kwetu ilizorota vibaya, na seva nyingi zilizokuwa nje zilionekana kama zimezima wakati zipo zinadunda vizuri tu. Ukiharakisha siku kama ile utahamisha kitu kizima.

Jaribu kwa laini ya mtandao mwingine wa simu, alafu piga hii uone kama mlango 8080 wa seva unajibu:

    nc -vz 198.51.100.7 8080

Kisha ingia kwenye ukurasa wa kampuni inayokuuzia nodi uangalie kama mashine inaonekana inawaka. Kama SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa komandi) bado inaingia, kitu cha kwanza kabisa angalia diski:

    df -h

Ukikuta 100% basi ugonjwa umeupata. Database ya UniFi ni MongoDB, diski ikijaa inagoma kuandika na kontrola nzima inakaa chini. Punguza logi kwa `journalctl --vacuum-size=200M`, toa mafaili usiyoyahitaji, piga `systemctl restart unifi` na safari yako inaweza kuishia hapa.

Kama mashine haiwaki kabisa au diski yake imeharibika, endelea.

Onyo: usiifute nodi ya zamani. Hata kama haiwaki, hata kama inakula hela, iache. Ukishaifuta na diski imeondoka nayo.

Mteja mwambie ukweli mapema. Wifi ya paswedi ya kawaida inaendelea kufanya kazi hata kontrola ikiwa haipo, kwasababu AP inashikilia mipangilio ya mwisho iliyopewa. Kinachokufa ni ukurasa wa vocha kwa wageni, maana ule unatoka kwenye kontrola yenyewe. Kwaiyo ukiwa na saiti nyingi anza na za vocha, zile ndo zinazopoteza hela sasa hivi.

## Hatua ya 2: Okoa bakapu

Kuna hali tatu, angalia yako ni ipi.

Una faili la .unf kwenye laptopu au kwenye email. Shukuru Mungu, liweke folda moja salama, nakili mara mbili, nenda hatua ya 3.

Huna faili ila diski ya zamani inasomeka. Kampuni nyingi za klaudi zina hali ya uokoaji, unaiwasha mashine kwa mfumo wa muda alafu diski yako unaifungua pembeni. Ifungue kwa kusoma tu ili usiharibu zaidi, jina la diski utalipata kwa `lsblk`:

    mount -o ro /dev/vda1 /mnt
    ls -lh /mnt/var/lib/unifi/backup/autobackup/

Ukiona mafaili ya `.unf` yamejipanga kwa tarehe, pumua. Chukua la mwisho na mawili yaliyolitangulia. Kwanini matatu? Kwasababu la mwisho linaweza kuwa liliandikwa wakati diski imeshaanza kuumwa, likawa dogo kuliko wenzake. Linganisha ukubwa, kama la jana ni MB 18 na la leo ni KB 40, la leo liache.

Yavute kwenye laptopu:

    scp root@198.51.100.7:/mnt/var/lib/unifi/backup/autobackup/*.unf .

Folda ya autobackup ni tupu ila /var/lib/unifi ipo. Chukua folda nzima ya `/var/lib/unifi`. Inarudishwa kwa kuweka UniFi ya vesheni ile ile na MongoDB ya vesheni ile ile, unasimamisha huduma, unanakili folda mahali pake, unapiga `chown -R unifi:unifi /var/lib/unifi` na kuwasha. Vesheni zikipishana MongoDB inaweza kukataa kabisa kusoma data, usijaribu kubahatisha.

Kufaulu hapa: una faili kwenye laptopu YAKO, mkononi, na unajua limetoka vesheni gani.

## Hatua ya 3: Andaa nodi mpya

Kabla hujaweka chochote kwenye nodi mpya piga hii:

    grep -o -m1 avx /proc/cpuinfo

Ikijibu `avx` endelea. Ikikaa kimya, ifute nodi hiyo uchukue ya aina nyingine. MongoDB kuanzia 5.0 inahitaji prosesa yenye AVX (aina ya maelekezo ya prosesa), na baadhi ya nodi za bei ya chini zinaficha hicho kitu hata kama mashine ya chini yake inacho. Mi hili lilinigharimu usiku mzima. Kila kitu kilikubali kusakinishwa, hakuna kosa lolote, ila kontrola haiwaki. Nikawa nasoma logi za UniFi tu, hazisemi kitu cha maana, nikafuta nikaweka upya mara mbili. Saa tisa usiku ndo nikajaribu kuiwasha `mongod` yenyewe kwa mkono, ikatema maneno mawili tu: `Illegal instruction`. Komandi ya sekunde moja hapo juu ingeniokolea usiku.

Sasa weka saa ya nyumbani na swap (nafasi ya diski ya kuisaidia RAM):

    timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
    fallocate -l 2G /swapfile
    chmod 600 /swapfile
    mkswap /swapfile && swapon /swapfile
    echo '/swapfile none swap sw 0 0' >> /etc/fstab

Saa ina maana yake. Ukiiacha UTC, bakapu uliyoipanga saa sita usiku itafanyika saa tisa usiku ya huku, na logi utazisoma kwa kutoa na kujumlisha masaa wakati kichwa kimeshachoka.

Fayawoli. Kwa sasa fungua SSH peke yake:

    ufw allow 22/tcp
    ufw enable

Najua mkono unakuwasha kufungua 8080 (mlango wa AP) na 8443 (mlango wa ukurasa wa kontrola) sasa hivi. Subiri. 8443 ukiiacha wazi kabla hujamaliza kuiwekea admin, yeyote atakayeukuta ule ukurasa wa mwanzo anaweza kujifanya mwenye kontrola. Na 8080 kuna sababu ya kuichelewesha, utaiona hatua ya 5.

Kumbuka pia klaudi nyingi zina fayawoli mbili, hii ya ndani ya Ubuntu na nyingine ya kwenye ukurasa wa kampuni. Unaweza ukafungua moja ukasahau nyingine, ukakaa unalaumu AP.

## Hatua ya 4: Weka MongoDB na UniFi

Hapa hakuna maneno mengi, fuata mstari kwa mstari ukiwa root. Natumia UniFi 8.6.9 na MongoDB 7.0 kwa mfano:

    apt update && apt install -y curl gnupg openjdk-17-jre-headless

    curl -fsSL https://www.mongodb.org/static/pgp/server-7.0.asc | gpg --dearmor -o /usr/share/keyrings/mongodb-server-7.0.gpg

    echo "deb [ arch=amd64,arm64 signed-by=/usr/share/keyrings/mongodb-server-7.0.gpg ] https://repo.mongodb.org/apt/ubuntu jammy/mongodb-org/7.0 multiverse" > /etc/apt/sources.list.d/mongodb-org-7.0.list

    apt update && apt install -y mongodb-org-server

    curl -fLO https://dl.ui.com/unifi/8.6.9/unifi_sysvinit_all.deb
    apt install -y ./unifi_sysvinit_all.deb

Kanuni ya vesheni ni hii: bakapu ya zamani inaingia kwenye kontrola iliyo sawa nayo au mpya zaidi, bakapu ya kontrola mpya haiingii kwenye ya zamani. Ushauri wangu weka vesheni ile ile uliyokuwa nayo kama inakubali kwenye mfumo wako, kusasisha utafanya wiki ijayo watu wakiwa wametulia. Ukihama na kusasisha siku moja, kitu kikiharibika hutajua kipi kimesababisha.

Kufaulu: `systemctl status unifi` inaandika `active (running)`, na baada ya dakika mbili tatu `ss -ltn` inaonyesha 8443 na 8080 zinasikiliza. Utaiona na 27117, hiyo ni MongoDB ya ndani, usiifungue kwenye fayawoli kamwe.

## Hatua ya 5: Rudisha bakapu na urekebishe anwani

Kwavile 8443 tumeifunga, ingia kwa njia ya chini kwa chini kupitia SSH. Kwenye laptopu yako:

    ssh -L 8443:localhost:8443 root@203.0.113.10

Ukiiacha hiyo terminali wazi, fungua brauza andika `https://localhost:8443`. Brauza italalamika kuhusu cheti, kubali uendelee, ni cheti cha kujitengenezea.

Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla hujajaza jina wala nini, tafuta maandishi madogo ya kurudisha bakapu, yameandikwa "Restore" au "Restore from Backup" kutegemea na vesheni. Wengi hawayaoni, wanamaliza kuweka kontrola mpya tupu alafu ndo wanaanza kutafuta. Ukishapita bahati mbaya bado unaweza kurudisha ukiwa ndani kwenye mipangilio ya bakapu.

Chagua faili, subiri. Kama unatumia bando la simu na faili ni kubwa, kaa mahali penye mtandao wa uhakika, usiwe kwenye daladala. Kontrola itajizima na kujiwasha yenyewe, ukurasa utaonekana umekufa kwa dakika kadhaa, usiguse. Kama una wasiwasi fungua terminali nyingine uangalie:

    tail -f /usr/lib/unifi/logs/server.log

Ikirudi, ingia kwa jina na paswedi ya ZAMANI. Kufaulu: saiti zote zipo, majina ya AP uliyoyaweka yapo, "Ghorofa 2 korido" bado inaitwa hivo hivo. Zote zitakuwa "Offline". Hii ni sawa kabisa, ndo inavotakiwa kuwa. Usibonyeze "Forget" hata kwenye moja. Ukibonyeza, kontrola inaifuta ile AP pamoja na funguo waliyokuwa wanaelewana nayo, wakati AP bado inashikilia funguo ya zamani, na hapo sasa ngazi na pini inakuwa lazima kweli.

Sasa kitu ambacho watu wanakiruka. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya "Advanced", tafuta "Inform Host", yaani anwani ya seva ambayo kontrola inazipa AP. Bakapu imerudi na kila kitu, pamoja na anwani ya zamani uliyowahi kuiandika hapo. Ukiiacha, AP itakuja kwenye seva mpya, itapokelewa vizuri, alafu itapewa maelekezo ya kurudi kwenye seva iliyokufa. Utaona zinawaka kijani dakika moja zinazima tena, utahisi kuna mchawi. Na ukiiacha tupu bila kuweka alama ya "Override", kwenye klaudi zinazotumia IP ya ndani kontrola inaweza kuzigawia AP ile IP ya ndani, ambayo kutokea Sinza haifikiki.

Weka alama ya "Override", andika `wifi.mfano.co.tz`, hifadhi. Andika domeini hata kama ulikuwa unatumia IP miaka yote, siku nyingine ukihama utabadilisha mstari mmoja wa DNS na kulala.

Hii ndo sababu nilikwambia usifungue 8080 mapema. Sasa fungua:

    ufw allow 8080/tcp
    ufw allow 3478/udp
    ufw allow 8880/tcp
    ufw allow 8843/tcp

8080 ni mlango wa AP kuripoti, 3478 ni STUN (kontrola inaitumia kuifikia AP iliyo nyuma ya rauta), 8880 na 8843 ni za ukurasa wa wageni, kama huna vocha hizo mbili ziache. 8443 mi naiacha imefungwa moja kwa moja, naingia kwa SSH siku zote.

## Hatua ya 6: Waambie AP kwamba mmehama

Kila AP ina anwani moja kichwani, inaitwa inform, na kila baada ya muda mfupi inaipigia hodi. Kazi yako ni kuifanya hiyo hodi ifike seva mpya. Chagua njia kulingana na ulivokuwa umeweka mwanzo.

### Njia A: AP zilikuwa zinatumia domeini

Nenda DNS, badilisha rekodi A ya `wifi.mfano.co.tz` kutoka 198.51.100.7 kwenda 203.0.113.10, TTL (sekunde za kukumbuka jibu la DNS) weka 300. Kama anayekutunzia DNS ana kitufe cha kupitisha trafiki kwenye proksi yake, kizime kwa hii rekodi, STUN haipiti hapo. Hakiki:

    dig +short wifi.mfano.co.tz

Ikileta IP mpya kaa usubiri. Zitaanza kuingia moja moja kama watu wanavorudi msibani. Zikigoma saiti moja tu, rauta ya pale imeshikilia jibu la zamani la DNS, futa kumbukumbu yake ya DNS.

### Njia B: zilikuwa zinatumia IP na saiti ina MikroTik

Hii naipenda kuliko zote maana huigusi AP hata moja. AP inaita 198.51.100.7, wewe kwenye rauta unaidaka hiyo simu unaipeleka kwa mpya:

    /ip firewall nat add chain=dstnat dst-address=198.51.100.7 protocol=tcp dst-port=8080 action=dst-nat to-addresses=203.0.113.10 to-ports=8080 comment="kuhama UniFi, itolewe"

AP inadhani inaongea na seva ile ile, seva mpya inaitambua kwa funguo iliyokuja na bakapu, inaipa mipangilio yenye domeini mpya. Nilikaa Mikocheni kwenye kiti nikairudisha lodge ya ghorofa nne iliyoko Kariakoo, AP kumi na nne, bila mhudumu hata mmoja kusumbuliwa mapokezi.

Zikishaingia zote, ingia kwenye moja kwa SSH upige `info`. Mstari wa "Status" ukionyesha domeini mpya, toa ile kanuni ya NAT. Ukionyesha bado IP ya zamani, nenda kwenye hiyo AP ndani ya kontrola ubonyeze "Provision", subiri, angalia tena. Usiitoe kanuni kabla, utazipoteza.

### Njia C: zilikuwa zinatumia IP na hakuna rauta ya kuaminika

Hapa lazima laptopu iwe ndani ya mtandao wa saiti. Jina na paswedi ya SSH ya AP unaviona kwenye kontrola uliyoirudisha, kwenye mipangilio ya "Device SSH Authentication". Ile `ubnt` na `ubnt` ni ya AP ambayo haijawahi kuunganishwa na kontrola, usipoteze muda nayo.

    ssh admin@192.168.10.21
    set-inform http://wifi.mfano.co.tz:8080/inform

Ni `http` bila s. Usihofu, ujumbe wenyewe unasimbwa kwa funguo ya AP. Ukiwa na AP nyingi:

    for n in $(seq 21 40); do
      sshpass -p 'PASWEDI' ssh -o StrictHostKeyChecking=no -o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa admin@192.168.10.$n "mca-cli-op set-inform http://wifi.mfano.co.tz:8080/inform"
    done

Hiyo `+ssh-rsa` nimeiweka kwasababu laptopu yenye OpenSSH mpya inakataa kuongea na AP zenye fimwea ya zamani, na ukikataliwa utadhani paswedi imebadilika.

### Moja imegoma, nifanyeje?

Ingia SSH kwenye hiyo AP, andika `info`, soma mstari wa mwisho:

- Unable to resolve: AP haipati DNS. Angalia rauta ya saiti inawagawia DNS gani.
- Timeout au Unreachable: AP haifiki kwenye seva, mara nyingi mlango umefungwa. Rudi kwenye zile fayawoli mbili.
- Server Reject: imefika, seva imeikataa. Funguo hazilingani au haimo kwenye bakapu, labda uliiongeza baada ya tarehe ya bakapu. Hii ndo ya kuriseti, na ni hii peke yake.

Angalia vizuri hapo: katika AP arobaini unaweza kukuta za kupandia ngazi ni mbili.

## Hatua ya 7: Kagua kama mteja

Kontrola kuonyesha kijani hakutoshi. Chukua simu ya mtu mwingine ambayo haijawahi kuunganishwa pale, unganisha wifi ya wageni, uone ukurasa wa vocha unatokea. Usipotokea, angalia mipangilio ya wageni, sehemu ya anwani zinazoruhusiwa kabla ya kulipia, mara nyingi IP ya zamani imebaki imeandikwa pale.

Tengeneza vocha mpya moja, itumie. Alafu jaribu ya zamani ambayo mapokezi wanayo kwenye karatasi. Vocha zilizotengenezwa baada ya tarehe ya bakapu hazimo kwenye seva mpya, kwaiyo chukua zile karatasi za siku za katikati uwape nyingine, usimwache dada wa mapokezi agombane na mgeni aliyelipa hela yake halali.

## Hatua ya 8: Bakapu itoke nje ya seva leo leo

Usiseme kesho. Bakapu inayokaa ndani ya diski ile ile ya seva inakufa na seva. Washa bakapu ya kila siku kwenye mipangilio, alafu kompyuta nyingine iwe inazivuta, iwe ya ofisini au hata Raspberry Pi ya nyumbani:

    30 4 * * * rsync -a root@203.0.113.10:/var/lib/unifi/backup/autobackup/ /home/fundi/bakapu-unifi/

Hiyo inaenda kwenye `crontab -e` ya hiyo kompyuta nyingine, ikiwa na ufunguo wake wa SSH. Nimesema *ivute* makusudi. Seva ikiwa ndo inayosukuma, mtu akiivamia seva anapata njia ya kufika hadi kwenye nakala zako azifute. Na usiweke `--delete`, folda ya seva ikifutwa na nakala zitafutwa.

Kesho asubuhi fungua hiyo folda kwa macho yako uone faili la leo na ukubwa wake.

## Nodi ya zamani

Mambo yakitulia, kama ile mashine ya zamani inafufuka, ingia haraka upige `systemctl disable --now unifi`, maana kampuni ikiiwasha yenyewe usiku na kuna AP bado ina IP ya zamani, itarudi kule na utakuwa na kontrola mbili zinazogombea AP moja. Iache imezimwa wiki moja. Pita saiti zote kwenye kontrola uhakikishe hakuna AP iliyosema "Offline" siku zote hizo, hata ile ya stoo ambayo mlinzi huwa anaichomoa achaji simu, alafu ndo uifute.